Humphry Davy na taa iliyofungia moto ndani ya wavu

Likasi ni mji wa shaba, asidi na baruti. Kule Shituru shaba inatolewa ndani ya maji ya asidi kwa nguvu ya umeme, na baruti za kupasulia mawe zinatengenezwa katika mji huu huu, kwenye kiwanda cha Afridex. Umeme unaotoa chuma ndani ya maji, na moto ulio karibu na kitu kinacholipuka: mambo haya mawili ndiyo yaliyojaza maisha ya Muingereza mmoja, Humphry Davy, aliyekufa karibu miaka 200 iliyopita.

Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 katika mji mdogo wa Penzance, jimbo la Cornwall, inchi ya migodi ya shaba na bati. Baba yake alikuwa mchonga mbao. Alikufa mwaka wa 1794, akaacha madeni, mjane na watoto watano. Humphry ndiye alikuwa mkubwa wao. Mwaka uliofuata akawekwa kwa daktari mmoja ili ajifunze kutengeneza dawa, na huko ndiko alianza kusoma kemia peke yake.

Mwaka wa 1798 akaenda Bristol kufanya kazi kwenye nyumba moja iliyochunguza kama gazi zinaweza kuponya wagonjwa. Alizijaribu kwa kuzivuta yeye mwenyewe. Siku moja alivuta ile gazi ya sumu inayotoka kwenye makaa, ile ile inayoua watu wanaolala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, na akaponea chupuchupu. Mwaka wa 1801 akaitwa London. Kule, mwaka wa 1807, alitumia umeme wa betri kutoa potasiamu na sodiamu, vitu ambavyo hakuna mtu alikuwa amevitenga mbele yake. Mwaka wa 1812 akapewa cheo cha Sir. Lakini mwaka ule ule kemikali moja ilimlipukia na kumuumiza macho, basi akahitaji msaidizi. Huyo alikuwa kijana Michael Faraday, ambaye baadaye naye alisifika dunia nzima.

Mwaka huo wa 1812, tarehe 25 Mei, mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini ya Uingereza, ulilipuka. Walikufa wanaume na vijana 92. Sababu ilikuwa grizu, gazi inayotoka ndani ya makaa ya mawe. Haionekani wala hainuki, lakini ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani, mwali mmoja tu unatosha. Na wachimbaji wa zamani ile walifanya kazi kwa mshumaa au taa ya moto wazi.

Watu wa kule wakaunda kamati, na mwaka wa 1815 wakamuomba Davy awasaidie. Akaenda Newcastle, akatembelea migodi, akazungumza na John Buddle aliyesimamia migodi mingi. Halafu akatumiwa grizu ndani ya chupa mpaka London. Alipoichunguza akaona jambo moja: moto haupiti kwenye tundu nyembamba la chuma, juu chuma kinanyonya joto lake na mwali unazimika. Basi akazungushia moto wa taa wavu wa waya wenye matundu zaidi ya 100 kwa kila santimita moja ya mraba. Hewa inapita, mwangaza unapita, lakini moto unabaki ndani. Tena ile taa ilitoa onyo: grizu ikiwapo, mwali unarefuka na kuwa na rangi ya buluu. Mwezi wa Januari 1816 ikajaribiwa ndani ya migodi, ikafaulu.

Buddle alimshauri aandikishe uvumbuzi wake ili apate feza. Davy akakataa, akaiacha taa bure kwa kila mutu. Lakini sifa hakuiacha. Daktari William Clanny alikuwa ametangulia kutengeneza taa yake, na George Stephenson, fundi wa mgodi wa Killingworth, alijaribu yake mwezi wa Oktoba 1815. Davy hakukubali kwamba fundi asiyesoma shule angeweza kufikia jambo hilo peke yake, na ugomvi wao ulidumu miaka.

Kumbe taa haikumaliza vifo. Mapatroni walianza kutuma watu kwenye mashimo yaliyokuwa yamefungwa sababu ya gazi, juu sasa kulikuwa na taa. Upepo mkali uliweza kusukuma mwali kupita wavu, na waya ukishika kutu au ukitoboka, ulinzi uliisha. Tena mwangaza ulikuwa mdogo, na wachimbaji wengine walifungua wavu ili waone vizuri. Mwaka wa 1835 bunge la Uingereza lilichunguza ajali hizo, na ikaonekana kwamba taa peke yake haitoshi pasipo hewa safi ndani ya shimo. Davy hakuyaona hayo. Alikuwa amekufa Geneva tarehe 29 Mei 1829, akiwa na miaka 50, na akazikwa kule kule.

Migodi ya shaba haina shida ya grizu sawa migodi ya makaa ya mawe. Lakini viwanda vya kisasa vya shaba vinatumia mafuta yanayowaka, na mahali pa esansi na asetileni pana mvuke unaoweza kulipuka. Ndiyo maana taa za mahali hapo zinabeba alama ya herufi Ex. Nyingi zina kasha nzito la chuma: kukitokea mlipuko ndani, gazi ya moto inatoka kupitia mianya myembamba na kupoa mbele ya kufika nje. Ni ile ile kanuni ya wavu wa Davy. Na kasha likipasuka, au parafujo moja ikikosekana, inakuwa taa ya kawaida tu.

Mwenye kuuza esansi ndani ya bidoni kandokando ya barabara usiku hana taa ya Ex. Kwake somo la Felling ni fupi: mshumaa na kibiriti vikae mbali, na mafuta yamiminwe nje, mahali penye hewa.