Marie Curie: jina lake limo ndani ya jiwe la Kolwezi

Mama Marie Curie alizaliwa Warsaw mwaka wa 1867. Huko Paris, mwaka wa 1898, yeye na bwana yake Pierre waligundua radiamu. Kuanzia miaka ya 1920, radiamu nyingi ya dunia ilitoka kwa mawe ya Shinkolobwe, Katanga. Madaktari waliitumia kuponya kansa. Kumbe nayo inaleta kansa: huko Marekani, wasichana waliopaka saa rangi yake, wakinyoosha brashi kwa midomo, walioza mataya, wengine wakapata kansa ya mifupa. Curie mwenyewe aliibeba mfukoni. Alikufa tarehe 4 Julai 1934, kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi. Pale Musonoi, Kolwezi, kuna jiwe la kijani, kuprosklodowskiti, lenye jina lake la usichana, Skłodowska. Lina shaba, lina na urani. Basi, si kila jiwe la kijani ni malakiti.