Eugène Poubelle: Mkuu wa mkoa aliyewabana wenye nyumba wa Paris kuhusu taka

Kutoka Kolwezi hadi Kisenge, mji wa manganizi ulio upande wa mpaka wa Angola, mtu anayetafuta pa kutupa taka huulizia poubelle. Wengi hulitamka neno hilo kila siku bila kujua kwamba ni jina la ukoo. Mwenye jina alikuwa mwanasheria wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1907, na anakumbukwa zaidi kwa mvutano mmoja: nani abebe gharama ya uchafu unaotoka katika majengo ya wapangaji?

Eugène-René Poubelle alizaliwa Aprili 15, 1831 mjini Caen, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, katika familia yenye uwezo. Alisoma sheria hadi udaktari, kisha akafundisha somo hilo Caen, Grenoble na Toulouse. Mwaka 1871, nchi yake ikiwa imetoka kushindwa vita na Prussia, serikali ilimtoa darasani na kumteua mkuu wa mkoa wa Charente. Kwa miaka 12 alihamishwa mkoa hadi mkoa, ikiwemo Corsica na Bouches-du-Rhône, ulipo mji wa Marseille. Mwaka 1883 alikabidhiwa mkoa wa Seine, yaani Paris.

Kilikuwa cheo kizito. Paris haikuwa na meya wakati huo, kwa hiyo mkuu wa mkoa ndiye aliyeusimamia mji huo wenye watu zaidi ya milioni mbili. Wengi wao waliishi katika majengo ya ghorofa, familia juu ya familia, chini ya mwenye nyumba mmoja na mlinzi wa mlango. Taka zao zilimwagwa barabarani zikingoja mikokoteni ya asubuhi. Usiku waokota taka walipita na taa, kapu na fimbo yenye ndoana, wakichambua mifupa, karatasi na vitambaa chakavu vya kuuza viwandani.

Amri ya mwaka 1883

Poubelle hakukawia. Novemba 24, 1883 alitia saini amri iliyomtaka kila mwenye nyumba awanunulie wapangaji wake vyombo vya taka vyenye kifuniko, vya ujazo wa lita 40 hadi 120. Amri ilianza kutumika Januari 15, 1884. Vyombo hivyo vilitakiwa kutolewa nje kabla ya mikokoteni kupita.

Amri hiyo pia ilitaka taka zitenganishwe: vitu vinavyooza mahali pake, karatasi na vitambaa mahali pake, na vigae vya vyombo, vioo na makombe ya chaza peke yake. Huo ndio utaratibu ambao leo miji mingi inauita mpya, na ulikuwa umeandikwa zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Upinzani ulitoka pande mbili. Wenye nyumba walilalamikia gharama. Tangu mwaka 1873 walikuwa wakitozwa kodi ya kufagia barabara, na sasa waliongezewa bei ya vyombo. Walinzi wa milango nao walipata kazi ya ziada ya kuvitoa na kuvirudisha.

Upande wa pili walikuwa waokota taka, ambao kwao suala halikuwa gharama bali chakula. Taka zikiingia kwenye chombo chenye kifuniko na kuchukuliwa mara moja, maelfu ya familia zingepoteza riziki. Magazeti yaliwatetea na kumdhihaki mkuu wa mkoa kwa kukiita chombo hicho kwa jina lake. Ilibidi alegeze msimamo, na waokota taka wakaendelea kuchambua kabla ya mikokoteni kufika.

Chombo kilibaki, lakini utenganishaji haukushika. Taka nyingi ziliendelea kuchanganywa, na Ufaransa ililirudia wazo hilo kwa nguvu karibu karne moja baadaye. Dhihaka nayo iligeuka: kufikia mwaka 1890 neno poubelle lilikuwa limeingia katika kamusi ya Kifaransa.

Mvutano wa pili

Mwaka 1892 kipindupindu kiliipiga Paris. Miaka miwili baadaye, Poubelle akiwa bado ofisini, sheria iliwalazimisha wenye nyumba kuunganisha majengo yao na mfereji wa maji taka kwa fedha zao wenyewe. Wengi walikaidi kwa miaka, lakini kanuni ilikuwa ile ile: anayekusanya kodi ya pango hawezi kuukana uchafu wa jengo lake.

Mwaka 1896 aliondoka Paris na kuwa balozi wa Ufaransa Vatican hadi 1898. Baadaye alijishughulisha na mashamba ya mizabibu kusini mwa Ufaransa, karibu na Carcassonne. Alifariki Paris Julai 1907, akiwa na umri wa miaka 76.

Swali la malipo halikuzikwa naye. Mwaka 1926 Ufaransa iliweka kodi maalumu ya kuondoa taka. Hadi leo anayedaiwa kodi hiyo ni mwenye jengo, lakini sheria inamruhusu kuirudisha kwa mpangaji. Hivyo mzigo ambao Poubelle aliutwika kwa mwenye nyumba umeishia, kwa sehemu kubwa, mfukoni mwa anayepanga.

Nchini Kongo, serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017, na salongo, kazi ya usafi ya pamoja iliyoanza enzi za Mobutu, bado inaitishwa. Lakini salongo husafisha barabara tu. Kila mji wenye wapangaji wengi, Kolwezi ukiwemo, bado unapaswa kuamua mambo mawili yaliyomsumbua Poubelle: nani anunue chombo, na anayeishi kwa kuokota taka atakula nini siku kitakapofunikwa.