Irving Langmuir, Bingwa wa Tone na Moto

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Mimi macho ninayo, lakini kwa miaka mingi niliona glopu kuukuu zimeingia weusi ndani na sikujiuliza kwa nini. Mpaka nilipokutana na habari za Irving Langmuir.

Bwana huyu alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 31 Januari 1881. Alisomea uhandisi wa metali katika Chuo Kikuu cha Columbia, akavuka bahari hadi Göttingen, Ujerumani, na kupata uzamifu mwaka wa 1906. Mwaka wa 1909 aliingia maabara ya General Electric mjini Schenectady, akakaa huko hadi 1950.

Alianza na glopu. Weusi ule, kumbe, ni metali ya uzi unaowaka! Hugeuka mvuke kwa joto, kisha huganda kwenye kioo. Langmuir akajaza gesi ndani, na metali ikawa haipotei upesi.

Mwaka wa 1918 aligeukia vitu vidogo vya mviringo, mfano wa tone. Wengi wetu tungedhani kasi ya tone kugeuka mvuke hufuata ukubwa wa uso wake. Wapi! Alionyesha kwamba katika hewa tulivu hufuata kipenyo. Mwaka wa 1928 akaipa jina plazima, yaani gesi ambayo elektroni zimebanduka kutoka kwa atomu. Mwaka wa 1932 akatuzwa Nobel ya kemia.

Leo wahandisi hurusha matone yenye kemikali ndani ya plazima ya maelfu ya digrii ili kuvipaka vyuma ngozi ngumu. Tone hutoweka kufumba na kufumbua, jicho halilifuati. Basi kompyuta hukokotoa hatua kwa hatua: joto linaloingia, mvuke unaotoka na kulikinga tone, kipenyo kinachopungua. Lakini kompyuta haikujitungia kanuni hizo. Ilipewa na watu waliopima kwanza, Langmuir akiwa miongoni mwao.

Hapo ndipo aliponichoma. Mwaka jana, katika jaribio la fizikia, nilipika tarakimu ili grafu yangu inyooke. Nilipata alama nzuri, lakini wacha niseme ukweli, naona haya. Mwaka wa 1953 Langmuir alitoa mhadhara kuwaonya wanasayansi wanaoona kile wanachotamani kuona. Naye hakusalimika: kuhusu majaribio ya kutengeneza mvua yaliyoanza 1946, alidai makubwa kuliko wataalamu wengi wa hali ya hewa walivyokubali. Si ni binadamu tu?

Alifariki tarehe 16 Agosti 1957 huko Woods Hole, Massachusetts.

Muhula huu grafu yangu ilipinda, nami nikaipeleka vivyo hivyo. Mwalimu aliitazama, akavuta kiti, tukaanza kutafuta sababu pamoja.