Mchoraji Aliyefunzwa na Rafiki

Watoto wa nchi nyingi wamjua Tintin, yule kijana mwandishi wa habari mwenye mbwa mweupe. Mwaka 1969 studio ya Belvision ya Ubelgiji ilitoa sinema ya katuni ya safari yake ya Peru, alipomfuata profesa rafiki yake aliyetekwa nyara. Twaona yafaa wazazi wamjue pia aliyembuni.

Georges Remi, aliyejiita Hergé, alizaliwa Etterbeek, Brussels, tarehe 22 Mei 1907. Alikuwa skauti, kisha akaajiriwa na gazeti la Kikatoliki la Le Vingtième Siècle, lililoongozwa na Padre Norbert Wallez. Katika toleo lake la watoto, tarehe 10 Januari 1929, Tintin alitokea mara ya kwanza.

Mwaka 1930 alimpeleka Tintin Kongo. Yeye mwenyewe hakupata kukanyaga huko. Wakongo aliwachora kama watu wajinga, na Tintin akawafundisha darasani kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 somo hilo lilibadilishwa likawa la hesabu, lakini sura za dhihaka zilibaki. Hatuna budi kulisema jambo hili wazi, kwa kuwa vitabu hivyo vilisomwa na watoto.

Hergé alipotaka kumpeleka Tintin Uchina, padre mmoja mlezi wa wanafunzi Wachina mjini Leuven alimwonya asiwadhihaki watu asiowajua. Hivyo mwaka 1934 alikutana na Tchang Tchong-jen, kijana Mchina aliyesomea sanaa Brussels. Tchang alimfunza desturi za kwao, na mateso ya nchi yake mikononi mwa Wajapani. Kitabu kilichotokana na urafiki huo kiliwaonyesha Wachina kama watu kamili, na tangu hapo Hergé alizoea kuchunguza kwanza kabla ya kuchora.

Maisha yake hayakuwa bila doa. Wakati wa vita alichorea gazeti la Le Soir, lililokuwa chini ya Wajerumani, na mwaka 1944 alikamatwa zaidi ya mara moja.

Tchang alikuwa amerudi kwao mwaka 1935, wakapoteana. Katika hadithi iliyoanza mwaka 1958, Tintin avuka theluji ya Tibet akimtafuta Tchang. Marafiki hao walionana tena Brussels mwaka 1981. Hergé alifariki tarehe 3 Machi 1983.

Enyi wazazi, watoto wakitazama katuni hizi, waulizeni: je, aliyechora aliwajua watu hawa? Asiyemjua jirani yake humchora vibaya, hata akiwa na mkono hodari.