Claude Bernard na Maji ya Ndani ya Mwili

Mtu aendeshaye baiskeli kutoka Arua hadi Koboko wakati wa kiangazi hutoka jasho jingi, na mkojo wake huwa haba na wenye rangi nzito. Akifika na kunywa maji ya mtungini hadi kutosheka, mkojo huwa mwingi na mweupe. Hata hivyo damu yake haibadiliki sana. Aliyetufundisha kuitazama ajabu hii ni Claude Bernard, Mfaransa.

Alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, baba yake akiwa mkulima wa zabibu. Akiwa kijana alifanya kazi kwa muuza dawa mjini Lyon, na nafasi yake aliitumia kuandika michezo ya kuigiza. Mwaka 1834 aliuchukua mchezo mmoja hadi Paris. Mjuzi wa fasihi aliyeusoma alimshauri ajifunze udaktari, apate riziki. Akatii. Lakini mwaka 1844 alishindwa mtihani wa kuwa mwalimu wa udaktari.

Hakukata tamaa. Alirudi kwenye majaribio aliyokuwa amefundishwa na mwalimu wake, Magendie. Aligundua kwamba ini hutengeneza sukari. Tena aliona kwamba akichoma mahali fulani chini ya ubongo wa mnyama, mkojo hutoka na sukari. Akichoma karibu na hapo, mkojo huwa mwingi bila sukari. Majaribio hayo juu ya wanyama yalimfarakanisha na mkewe na binti zake.

Mwishowe alifundisha kwamba chembe za mwili haziishi hewani, bali ndani ya maji ya mwili, na kwamba uzima ni kuyalinda maji hayo yasigeuke. Waliomfuata walionyesha njia: damu ikizidi chumvi, ubongo hutuletea kiu, tena hupeleka homoni kwenye figo ili zizuie maji.

Alifariki tarehe 10 Februari 1878, na Ufaransa ikamzika kwa heshima za taifa, jambo ambalo halijafanyiwa mwanasayansi yeyote wa nchi hiyo kabla yake.

Basi, ndugu wasomaji, mtoto akiharisha sana hupoteza maji pamoja na chumvi, na maji matupu hayamtoshi. Apewe maji yaliyochanganywa na dawa ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, tena apelekwe zahanati upesi. Figo hulinda maji yaliyobaki, lakini haziwezi kurudisha yaliyokwisha kutoka.