Amri ya Nahodha Eck

Wiki jana barazani, baada ya sala ya Isha, tulibishana juu ya amri. Kijana mmoja alishikilia kwamba mtu aliyeajiriwa hana budi kutii, na kukiwa na kosa basi mzigo ni wa mkubwa wake. Nikamtaja Heinz-Wilhelm Eck. Wengi hawakuwa wakimjua, ndiyo sababu namwandika hapa. Eck alikuwa Mjerumani, lakini safari yake iliishia upande wetu huu wa bahari, pwani ya Somalia.

Eck alizaliwa Hamburg mwaka 1916, akaingia jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1934. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alihudumu kwenye meli za kutegua mabomu ya baharini, kisha akahamia kwenye nyambizi. Juni 1943, akiwa na miaka 27 tu, alikabidhiwa nyambizi mpya, U-852. Ilikuwa kubwa, iliyoundwa kwa masafa marefu, na kazi yake ilikuwa kuizunguka Afrika na kuwinda meli katika Bahari ya Hindi.

Tusidhani vita hivyo vilikuwa vya Wazungu peke yao. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka hapa Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa Afrika Mashariki.

Wakati huo Eck alikuwa tayari njiani. Aliondoka Kiel Januari 1944 akiwa na hofu moyoni. Maafisa wenye uzoefu walikuwa wamemwonya kwamba ndege za adui zinaivinjari Atlantiki ya Kusini, na kwamba nyambizi za aina yake zilizotangulia zilikuwa zimepotea. Tena alikijua kisa cha Laconia. Mwaka 1942 nyambizi ya Ujerumani, U-156, iliizamisha meli hiyo ya Waingereza, kisha ikawaokoa manusura. Ilitandaza hata bendera ya msalaba mwekundu, lakini ndege ya Marekani ikaishambulia vivyo hivyo.

Usiku wa tarehe 13 Machi, Eck aliizamisha Peleus, meli ya Kigiriki iliyokuwa na watu 35. Ilizama kwa dakika chache. Mpaka hapo sheria za vita hazikuwa na la kumshtaki. Manusura waliponing'inia kwenye vyelezo na mbao, akatoa amri ya kuvipiga vyelezo hivyo kwa rashasha na guruneti, ili ndege zisione mabaki na kujua kwamba kuna nyambizi karibu. Alijua vyema kwamba watu wako juu yake.

Injinia wake, Hans Lenz, alimwendea akamwambia hakubaliani na amri hiyo. Eck akashikilia. Ninachosikitika zaidi katika kisa hiki ni kwamba baadaye usiku uleule Lenz mwenyewe alishika rashasha akafyatua. Daktari wa nyambizi, ambaye kazi yake ni kutibu, naye alifyatua. Waligriki watatu? La, hawakuwa Wagiriki wote, lakini ni watu watatu tu waliookoka. Walielea zaidi ya mwezi mzima mpaka meli ya Ureno ilipowaokota tarehe 20 Aprili.

Eck aliendelea na safari. Tarehe 1 Aprili alizamisha meli nyingine, Dahomian, karibu na Cape Town, kisha akaingia bahari yetu na kupanda kaskazini. Tarehe 2 Mei ndege za Waingereza aina ya Wellington zilimkuta juu ya maji pwani ya Somalia, zikaipiga nyambizi mpaka ikashindwa kuzama tena. Akaipandisha ufukweni Bandar Beyla, kusini ya Ras Hafun, akajaribu kuilipua, lakini haikuvunjika yote. Wenzake saba walikufa, na waliobaki walikamatwa nchi kavu, baadhi yao na askari wa ngamia wa Somaliland. Waingereza walipoingia ndani wakakuta daftari la safari, na ndani yake mna habari za mahali na siku Peleus ilipozamishwa.

Oktoba 1945 Eck na wenzake wanne walishtakiwa Hamburg, mji aliozaliwa. Hakumsingizia mkubwa yeyote. Alisema uamuzi ulikuwa wake, ili kuiokoa nyambizi yake na watu wake. Lakini alikaa pale takriban saa tano akifyatua risasi, na mtu anayeogopa ndege angetumia saa hizo kukimbia mbali. Wale wengine walijitetea kwamba walitii amri, na mahakama ikakataa, kwa kuwa amri ya kuwapiga watu wanaoelea majini wasio na silaha, kila mtu anajua ni haramu. Eck, afisa mmoja na yule daktari walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Lenz alihukumiwa kifungo cha maisha na baharia mmoja miaka 15.

Hofu ya Eck naielewa. Alikuwa kijana wa miaka 27, na roho za watu wake zilikuwa mikononi mwake. Lakini sisi wa pwani tumelelewa kwamba anayezama haulizwi kabila wala dini, anatupiwa kamba kwanza. Kama huwezi kumwokoa, basi mwache na Mola wake.

Yule kijana wa barazani nilimwambia habari za Lenz. Alijua ni vibaya, akasema ni vibaya, kisha akafanya. Mkubwa wako anaweza kukuamuru leo, kazini au kwingineko, lakini siku ya kujibu utasimama peke yako.