John Muafangejo, Mchonga Picha wa Odibo

Tumezoea kusoma maisha ya maaskofu, mapadre na watawa waliotutangulia. Safari hii tunawaletea habari za Mkristo ambaye hakuwa na daraja lolote kanisani, mtu wa kuketi kwenye mabenchi pamoja na sisi wengine, na ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga picha. Jina lake ni John Ndevasia Muafangejo. Huko Namibia anajulikana sana, na picha zake zimefika Ulaya na Marekani. Kwetu sisi Waanglikana inafaa ajulikane zaidi, kwa kuwa misheni ya kanisa letu ndiyo iliyomlea, naye akaichonga historia ya kanisa hilo wakati lilipokuwa katika mateso.

Alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1943 huko Etunda lo Nghadi, kusini ya Angola. Kabila lake ni Wakwanyama, walio miongoni mwa Waovambo. Wakwanyama ni watu wa ng'ombe na mtama, na nchi yao iligawanywa na wakoloni kwa mstari ulionyooka kama uzi. Upande wa kaskazini wakatawaliwa na Wareno, upande wa kusini wakatawaliwa kwanza na Wajerumani, kisha na Afrika ya Kusini. Mfalme wao Mandume alikufa mwaka 1917 akipigana na majeshi ya Afrika ya Kusini, na tangu hapo watu waliishi pande mbili za mpaka ambao wao wenyewe hawakuuweka. John alimchonga mfalme huyo mwaka 1971. Habari za kifo chake alikuwa amezipata kama vijana wote wa kwao walivyozipata, yaani kwa midomo ya wazee.

Baba yake alikuwa na wake wanane. John alichunga ng'ombe kama watoto wenzake, na ile boma kubwa yenye vibanda vingi ilimkaa moyoni hata akaichonga mwaka 1979, akiwa mtu mzima anayeishi mjini. Lakini baba alifariki mwaka 1955. Kwa mila ya Wakwanyama urithi hufuata ukoo wa mama, basi mali ya marehemu ilikwenda kwa jamaa zake wa upande huo, na wajane na watoto wakabaki mikono mitupu. Mama yake John, Petelena, alikuwa ameupokea Ukristo. Akavuka mpaka kuingia Namibia, akakaa Epinga, mahali penye kituo cha misheni ya Kianglikana. Mwanawe akamfuata. Hapo Epinga alianza shule, na baadaye akaenda Odibo.

Misheni ya Mtakatifu Mariamu, Odibo, ilianzishwa mwaka 1924 na Padre George Tobias, ambaye baadaye alikuwa askofu. Iko karibu kabisa na mpaka wa Angola. Palikuwa na kanisa, shule na hospitali, kama tunavyozijua misheni za zamani za kwetu. Katika shule hiyo padre mmoja mmisionari, aitwaye Mallory, aliona kwamba kijana huyu, ambaye hakuwa hodari sana wa masomo ya vitabu, ana mkono wa pekee katika kuchora. Padre hakumwambia aache michoro ashike hesabu. Alimtafutia nafasi katika chuo cha sanaa kilichokuwa mbali sana, huko Rorke's Drift katika nchi ya Wazulu.

Chuo hicho kilikuwa cha Kanisa la Kilutheri. Kilianzishwa na Peder na Ulla Gowenius, mume na mke kutoka Sweden, mwaka 1962, na mwaka uliofuata kikahamia Rorke's Drift. Wanawake walifuma mazulia ya kutundika ukutani, wengine walifinyanga vyungu, na wanafunzi wa sanaa walifundishwa kuchonga na kuchapa. Siku zile Mwafrika wa Afrika ya Kusini aliyetaka kujifunza sanaa alikuwa na milango michache mno ya kubisha. John alikuwa hapo mwaka 1968 na 1969. Aliyemtangulia ni Azaria Mbatha, Mzulu aliyekuwa amekwisha kuonyesha kwamba hadithi za Biblia zaweza kusimuliwa kwa chapa, safu juu ya safu, na watu wote wakiwa Waafrika.

Hapa yafaa tueleze kazi yenyewe, kwa maana wengi wetu hatujaiona. Zamani mchongaji alichukua kibao cha mti kilicholainishwa, akachora picha juu yake, kisha akaondoa kwa patasi ndogo kila mahali panapotakiwa kuwa peupe. Palipobaki pamepakwa wino kwa rola, karatasi ikalazwa juu na kukandamizwa, na ilipobanduliwa picha ikatokea. Rorke's Drift walichonga mara nyingi zaidi katika linoliamu, yaani lile tandiko gumu la kufunikia sakafu, kwa sababu ni rahisi kupatikana na halina nyuzi za kuzuia kisu. Kibao kimoja chaweza kutoa nakala mia moja au zaidi, na hivyo hata mtu asiye tajiri aliweza kununua picha. Lakini kuna masharti mawili. Kisu kikikosea, hakuna kufuta. Tena kila kitu hutokea kinyume, kama katika kioo. Basi mtu anayetaka kuandika maneno katika picha yake lazima achonge herufi kutoka kulia kwenda kushoto, zote zikiwa zimegeuka.

John alitaka maneno. Karibu kila picha yake ina maandishi ya Kiingereza, yamechongwa juu, pembeni au katikati ya watu, kwa tahajia na sarufi ya mtu ambaye Kiingereza si lugha ya mamaye. Angeweza kuwapa wengine wamsahihishie. Hakufanya hivyo, na mimi nafurahi. Maneno yake yanasikika kama mzee wa kijiji anayeeleza jambo akiwa amesimama karibu nawe, akikutajia nani ni nani, mwaka gani na mahali gani. Watu wake wana vichwa vikubwa na macho ya mviringo, na kila kidole kinaonekana. Mtu anayeziona picha hizi mara ya kwanza aweza kusema ni za kitoto. Azitazame tena, ataona jinsi weusi na weupe ulivyopimwa, hata hakuna pembe ya karatasi iliyolala bure.

Mwaka 1968 alichonga Adamu na Hawa. Mwaka 1973 alimchonga Yuda Iskarioti na vile vipande thelathini vya fedha. Alichonga pia harusi za Wakwanyama, wanyama wa Etosha, na tembo anayemuua simba kwa namna ya kuchekesha, kwa maana alikuwa mtu wa utani pia. Mwaka 1981 alichonga vita ya mwaka 1879 iliyopiganwa palepale Rorke's Drift, jeshi la Wazulu likiwa limewazunguka askari wachache wa Kiingereza waliojifungia katika majengo ya misheni. Vita hiyo Waingereza wameisimulia mara nyingi kama ushujaa wao. Katika chapa ya John Wazulu wamejaa, na jicho la mtazamaji haliwezi kuwakwepa.

Tusifiche kwamba alikuwa mtu wa huzuni. Alipokuwa bado mwanafunzi aliugua akili, akalazwa hospitalini kwa muda. Alikuwa mbali na kwao, katikati ya watu wa lugha nyingine. Alipona akarudi kwenye masomo, lakini upweke ulimfuata maisha yake yote, na mwaka 1974 alichonga picha aliyoiita Mtu Mpweke, akijieleza mwenyewe bila haya. Ugonjwa wa namna hii wengi wetu huuficha hata mbele ya jamaa, na tukimwona mwenzetu nao husema amerogwa au amekosa imani. John aliuweka kwenye karatasi, akatia sahihi, akauza.

Mwaka 1970 alirudi Odibo kufundisha sanaa katika shule iliyomlea. Mwaka 1971 alifika Cape Town akahojiwa na watu wa chuo kikuu. Hakuwahi kusoma chuo kikuu, ila mahojiano yale aliyafanya picha, yeye akiwa ndani yake. Mwaka 1974 akarudi tena Rorke's Drift, safari hii akiwa msanii wa kukaa pale na kufanya kazi zake, kisha akarudi kwao.

Sasa tuje kwenye mateso ya kanisa. Serikali ya Makaburu iliyoitawala Namibia haikupenda maaskofu wa Kianglikana. Askofu Robert Mize alifukuzwa nchini mwaka 1968. Aliyefuata ni Askofu Colin Winter. Mwishoni mwa mwaka 1971 wafanyakazi wa mikataba, zaidi ya elfu kumi, wengi wao Waovambo, waligoma kazi kwa sababu ya mikataba iliyowatenga na wake na watoto wao na kuwapa mshahara wa aibu. Askofu Winter aliwasimamia, na mwaka 1972 naye akafukuzwa. Akaendelea kuitwa askofu wa jimbo lake akiwa uhamishoni mpaka alipofariki mwaka 1981. Mwaka 1975 akafukuzwa Askofu msaidizi Richard Wood. Walutheri nao hawakupona. Mtambo wao wa kuchapia vitabu huko Oniipa ulilipuliwa mwaka 1973, ukajengwa tena na kufunguliwa mwaka 1975, ukalipuliwa tena mwaka 1980. Vijana wengi walivuka mpaka kwenda kupigania uhuru. Wazee wa Kongwa watawakumbuka Wanamibia waliokuwa na kambi yao kule tangu mwaka 1964.

John hakuvuka. Hakushika bunduki wala hakupanda jukwaani. Alibaki katika nchi ile, akachonga. Wapo watakaomlaumu kwa kunyamaza, wakisema kwamba msanii katika nchi inayoteswa ana wajibu wa kupiga kelele. Swali hilo ni la haki na si la kudharau, kwa maana wenzake walikuwa wanakufa. Lakini tuangalie alichokichonga. Wakati maaskofu walipokuwa wanapakiwa ndegeni kama wahalifu, yeye aliwachonga wakiwa na kofia zao na fimbo zao za kichungaji, pamoja na watu wao. Wakati mtambo wa Oniipa ulipofunguliwa tena, alichonga ufunguzi huo na tarehe yake. Mtambo ulilipuliwa mara ya pili, ila nakala za picha zilikuwa zimekwisha kutawanyika katika nyumba za watu, na nakala mia haziwezi kulipuliwa kwa siku moja. Mimi siwezi kuita huko kunyamaza.

Mpakani vita ilizidi. Mwaka 1977 alihamia Windhoek, akakaa Katutura. Hicho ni kitongoji ambacho Waafrika walihamishiwa kwa nguvu kutoka mahali pao pa zamani, na jina lake kwa Kiherero maana yake ni mahali ambapo hatukai. Hapo John alikaa miaka kumi, akachonga na kuchapa, akaishi kwa kuuza kazi zake, jambo ambalo wasanii wachache Waafrika wa nchi ile waliliweza. Huko nyuma Odibo, mwaka 1981, seminari ya kanisa letu ililipuliwa kwa baruti.

Picha yake inayopendwa kuliko zote ni ya mwaka 1984. Kwa Kiswahili tungeiita Tumaini na Matarajio Mema Ingawa Shida Zipo Sasa. Watu wawili wamekumbatiana. Mwaka ule hapakuwa na dalili kubwa za kumpa mtu tumaini: askari walijaa Uovambo, na mazungumzo ya uhuru yalikuwa yakianza na kukwama. Ndiyo maana napenda kwamba hakuishia kwenye neno tumaini akaziacha shida nje ya picha. Zote mbili zimo katika jina lake.

Mwaka 1986 Desmond Tutu alitawazwa kuwa Askofu Mkuu wa Cape Town, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile. John alichonga sherehe hiyo. Baada ya kuwachonga maaskofu waliofukuzwa, alipata sasa kumchonga aliyeketishwa.

Alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo nyumbani Katutura tarehe 27 Novemba 1987, akiwa na miaka 44. Alikuwa amekwisha kuchonga zaidi ya picha mia mbili. Mwaka uliofuata kazi zake zilionyeshwa kwa heshima katika tamasha la sanaa la Grahamstown, Afrika ya Kusini, na baadaye kituo cha kufundishia sanaa mjini Windhoek kilipewa jina lake. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, miaka miwili na karibu miezi minne baada ya kifo chake.